Junda, Kabla ya Safari ya Pili

Wiki ile ya kwanza niliporudi nyumbani, mamangu alinikuta chini ya meza.

Ilikuwa asubuhi, chai iko tayari, mahamri yamefunikwa kwa kawa. Muuza gesi alikuja na pikipiki kuleta mtungi, na badala ya kuzima injini pale nje aliiacha ikinguruma huku akipiga hodi. Sikumbuki kuinuka kitini. Ninachokumbuka ni sakafu, saruji baridi kwenye shavu langu, na miguu ya mamangu ikija kutoka jikoni katika ndara zake za bluu. Miguu ikasimama.

"Wafanya nini huko chini?"

"Natafuta hereni."

"Hereni gani? Wewe tangu lini ukavaa hereni?"

Akaenda kupokea mtungi wake, akafunga mlango, akarudi kunimiminia chai. Hakuuliza tena. Nami nikala mahamri mawili ambayo sikuyataka, ili aone kwamba mwanawe ni mzima.

Mimi ni mkunga. Nilizaliwa hapa Junda, Kisauni, katika nyumba aliyoijenga marehemu babangu alipokuwa akifanya kazi bandarini, upande ule ambao ukienda chini kidogo unakutana na mikoko na tope la mkono wa bahari. Mamangu ni Mrabai, na kwao kanisa ni jambo walilozaliwa nalo tangu enzi za mababu. Nilisomea uuguzi, nikafanya kazi katika wodi za wazazi hapa Mombasa kwa miaka kadhaa, mpaka Jumapili moja mgeni alipokuja kanisani kwetu akasema kwamba kuna kliniki ya misheni Sudan Kusini ambayo haina mkunga hata mmoja. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua. Nilikuwa na bidii na sikuwa na woga. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu kutokuwa na woga wakati huo kulikuwa ni kutojua tu.

Nilikaa huko zaidi ya miaka miwili, na sehemu kubwa ilikuwa njema. Wanawake walikuja kwa miguu kutoka mbali, wamebeba mikeka yao kichwani, wakalala uani kusubiri uchungu. Nilijifunza Kiarabu chao cha sokoni, kile kinachoeleweka na kila kabila. Wao waliniita yule wa baharini. Niliwaeleza kwamba kwetu kuna maji mengi yasiyonyweka kwa sababu yana chumvi, wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakaulizana ni nani aliyekaa akayatia chumvi yote hiyo.

Kisha ikaja ile asubuhi.

Nilikuwa katika chumba cha kuzalishia na mama mmoja, mtoto wake wa kwanza, na mamake mzazi ameketi kichwani pake akimpepea. Tulisikia pikipiki. Hazikuwa moja wala mbili. Zilisimama uani zote pamoja, injini hazikuzimwa, na juu ya mngurumo ule nikasikia mtu akiwaamrisha wenzangu walale kifudifudi. Walitaka dawa, jenereta na gari. Mmoja wao akaja mpaka kwetu, akasukuma pazia, akasimama mlangoni na bunduki yake. Alikuwa mtu mzima, amejifunga kitambaa shingoni, macho yamechoka. Alituangalia sote watatu. Nilifikiri atatutoa nje.

"Endelea na kazi yako," akaniambia.

Nikaendelea. Sijui niseme vipi kitu hiki ili kieleweke. Yule mama hakupiga kelele hata mara moja. Mwanamke aliyekuwa akilia tangu alfajiri alinyamaza kimya, akauma ncha ya nguo yake, na mtoto akasukumwa nje katika ukimya ule, huku nje wakibeba makatoni. Mtoto naye hakulia. Nikamfuta, nikamsugua mgongo, nikampiga nyayo.

"Amekufa?" yule mtu akauliza.

Nikamnyonya mtoto kamasi puani, nikamsugua tena, ndipo akalia. Yule mtu akacheka, kicheko cha kweli, cha mtu aliyefurahi. Akauliza ni wa kike au wa kiume. Nikamwambia wa kike. Akatikisa kichwa, akageuka kuondoka, halafu akarudi hatua na kuinamia karibu nami kama mtu anayeaga jirani.

"Tutarudi," akasema. "Sasa tumepajua."

Walipoondoka, mikono yangu ilikataa kufunguka. Mkasi ulikuwa pale, kitovu hakijakatwa, na vidole vyangu vimejikunja kama vya maiti. Bibi wa mtoto ndiye aliyekata.

Hakuna aliyekufa siku hiyo. Hakuna aliyepigwa hata kofi. Kliniki ikafungwa, sisi wageni tukarudishwa makwetu, na huo ndio mwisho wa habari kwa mtu anayeisikia. Kwangu mimi lilikuwa ndilo tatizo lenyewe. Kila nilipofikiria kumwambia mtu kwamba naogopa, nilijiuliza nitamwambia naogopa nini. Walioumizwa wapo. Mimi nilizalisha mtoto, mtoto akalia, basi.

Mchungaji wetu aliisikia habari hiyo kutoka kwa watu wa misheni kabla sijafika nyumbani, na Jumapili yangu ya kwanza akanipandisha madhabahuni. "Simulia, dada," akasema. Nikasimulia: pikipiki, bunduki, mtoto, kicheko. Niliposema kwamba yule mtu alicheka, kanisa zima lilisimama. Watu walipiga makofi na vigelegele, mabati yakavuma. Mchungaji akasema ni Bwana aliyeulainisha moyo wa adui. Baada ya hapo nikapelekwa kusimulia Mshomoroni, kisha Changamwe, kisha Likoni, na kila mahali kicheko kile kilikuwa kizuri zaidi. Sikuongeza neno la uongo. Ila sikusema alichosema alipoinama, wala habari ya mkasi. Kila nikifika hapo, ulimi wangu uliruka wenyewe ukaenda kwenye "Bwana asifiwe".

Halafu ikaja habari kwamba kliniki itafunguliwa tena mvua zikikatika. Kamati ya umisheni ilimleta mwenyekiti wake mbele ya kanisa, mzee mpole mwenye sauti nzito, akauliza nani atakwenda. Macho yote yakanigeukia. Walikuwa wakitabasamu. Nilisimama. "Mimi," nikasema, na sauti ilikuwa yangu kabisa. Kanisa likaimba. Nilimtafuta mamangu kwa macho nikamwona katika safu ya akina mama, amesimama kama wengine, lakini midomo yake imefungwa.

Kuanzia hapo vitu vikaanza kuja nyumbani. Mmoja aliniletea sanduku jipya la magurudumu, mwingine chandarua, akina mama wakanishonea vitenge vya sare. Ukumbi wetu ukajaa. Kila aliyeleta kitu aliketi kidogo akaniombea, na kila nilipofumbua macho baada ya amina, nilihisi kama mtu amepigilia ubao mwingine kwenye dirisha.

Na Kisauni, jamani, ina pikipiki. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo. Nilikulia humu na kwangu ilikuwa ni sauti ya mtaa kama kunguru na adhana. Sasa nikiwa barabarani, ikitokea moja nyuma yangu, shingo inakuwa ngumu. Zikija mbili zimefuatana, naingia duka lolote lililo karibu na kuuliza bei ya kitu nisichokihitaji. Hivyo ndivyo nilivyorudi nyumbani na pakiti za chaki ambazo sikuwahi kuandika nazo, na misumari. Nikaanza kupita vichochoroni, nyuma ya nyumba za watu, kwenye majitaka. Nikiingia popote, kwanza niliangalia mlango wa pili uko wapi. Kanisani niliketi nyuma kabisa, na nilisikia mama mmoja akimwambia mwenziwe, "Mwone, pamoja na sifa zote hizo, anakaa nyuma. Unyenyekevu ule." Nilikuwa nimekaa nyuma kwa sababu ya mlango.

Jirani yetu upande wa mashariki ni bibi mmoja wa Kimvita, wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa kule Mji wa Kale. Alihamia Junda nyumba ya urithi ilipogawanywa, na mpaka leo husema "mjini" kama mtu aliyetoka huko jana. Huchanganya udi na mafuta ya kunukia nyumbani kwake, na kwa harufu tu utajua ameamka. Yeye na mamangu ni mashoga tangu mimi ni mdogo: sahani zake huja kwetu Ramadhani, zetu huenda kwake Krismasi, na katikati hapo wanagombana juu ya paka.

Alasiri moja akaja akasimama ukumbini katikati ya mizigo yangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wendapi saa hizi?"

"Siendi popote."

"Basi nisindikize Magogoni. Fundi ashanishonea buibui na kila siku namwahidi naja."

Sikutaka. Lakini bibi hakataliwi. Tukashuka na tuktuk mpaka barabarani, tukatembea kidogo hadi kwa fundi. Duka lake ni chumba kimoja cha mlango wa chuma unaotelezeshwa, vyerehani vitatu, meza ya kukatia na kioo kirefu. Hapana mlango wa pili. Nililiona hilo kabla sijaiona sura ya fundi. Bibi akaanza kulalamikia mikono ya buibui kwamba imekuwa mifupi, fundi akaapa wallahi kwamba vipimo ni vile vile, na mimi nikabaki kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Kwanza ilikuwa ni vishindo vya watu wanaokimbia. Halafu sauti ya mwanamke: "Wanakuja! Wana mapanga!" Nikaona watu wakifurika kutoka upande wa juu wa barabara, muuza viazi ameacha karai likichemka, na nyuma yao kundi la vijana wanatembea. Hawakukimbia. Hilo ndilo lililonitia baridi, kwamba hawakuwa na haraka. Fundi alinishika mkono akanivuta ndani, akawavuta wanawake wengine wawili waliokuwa wakipita, akautelezesha mlango na kutia komeo. Giza likatuangukia.

Nilikwenda chini ya meza ya kukatia. Siwezi kusema niliamua. Nilikuwa katikati ya mabaki ya vitambaa, magoti kifuani, na harufu ya mafuta ya cherehani puani. Nje niliwasikia. Kioo kikavunjika. Mtu akaomba, "Chukueni, chukueni yote." Kisha panga likaburutwa kwenye milango ya mabati, duka baada ya duka, sauti kavu ndefu inayokuja, inayokuja, mpaka ikafika kwetu na kusimama. Mtu aligonga mlango kwa ubapa, mara moja, taratibu. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na kioo alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nilijaribu kuomba. Mimi niliyewafundisha wengine kuomba sikupata hata jina la Mungu; palipokuwa na maneno palikuwa pameoshwa pakabaki patupu. Kilichonitoka mdomoni ni kitu kingine.

"Wamesema watarudi."

Mkono ukanishika bega gizani. Bibi alikuwa ameshuka chini pamoja nami, na buibui lake lisilolipiwa, na mifupa yake ya uzee.

"Nani kasema?" akaninong'oneza.

"Wamesema sasa wamepajua."

"Nyamaza mwanangu. Nyamaza. Niko hapa." Akaendelea kusoma dua yake chini chini, na mkono wake begani mwangu ulikuwa ukitetema vibaya zaidi kuliko mimi.

Sauti ile ikaendelea na duka lililofuata, kisha ikapita jingine, kisha ikapotea upande wa chini. Tulikaa vile vile mpaka watu wakaanza kuitana nje na gari la polisi likasikika. Fundi akafungua. Mwangaza ulituumiza macho. Muuza viazi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtaro, kiganja chake kimechanika, damu inadondokea ndara zake, na watu wamemzunguka wakipiga kelele za ushauri. Nikatoka. Nilichukua kitambaa safi kutoka mezani kwa fundi, nikauinua mkono wake juu, nikaukandamiza, nikaufunga kama inavyofungwa, nikamtafutia tuktuk ya hospitali na kumweleza dereva asimwache ateremshe mkono. Vidole vyangu vilifanya kazi vizuri kabisa. Ndipo nilipojielewa kidogo: damu sikuiogopa. Nilichoogopa ni mlango, na mtu aliye upande wa pili wake.

Katika tuktuk ya kurudi, bibi aliniambia, "Haya. Nieleze. Nani kasema atarudi?"

Nikamweleza yote, bila kuruka. Mkasi, vidole, maneno ya yule mtu aliyeinama, meza ya mamangu, misumari ya dukani. Alisikiliza akitikisa kichwa. "Lahaula," akasema. "Lahaula, masikini." Nilipofika mwisho nikasubiri neno la busara, kwa kuwa yeye ni mtu mzima na mimi nilikuwa nimelihitaji sana. Badala yake alinigeukia kwa hasira.

"Sasa mbona hukusema? Mimi tangu waibiwe pale jirani siendi Magogoni peke yangu. Nimekuchukua wewe nikidhani huna hofu! Nimejisemea, huyu kasimama na wenye bunduki, nikiwa naye sitaguswa. Kumbe nimejipeleka na mwoga mwenzangu!"

Nilimwangalia. Kisha nikaanza kucheka, naye akacheka, tukacheka hadi machozi, na kwangu yale machozi hayakukoma kicheko kilipokoma. Akanifuta kwa ncha ya mtandio wake unaonuka udi.

"Na mamako ajua?"

"Hajui. Nikimwambia atanikataza kwenda."

"Leo utamwambia. Usipomwambia wewe, n'tamwambia mimi."

Mamangu alikuwa nyuma ya nyumba akichambua mchicha. Nikaketi kwenye kibao, nikachukua fungu langu nikaanza kuchambua, na nikasema nikiangalia majani. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kuchambua kidogo.

"Chini ya meza hapakuwa na hereni," akasema.

"Hapakuwa."

"Yule wa gesi nilimwambia siku ile ile, ukija zima pikipiki barabarani, uingie na mtungi kwa miguu. Hajakuja nayo tena, hukuona?"

Sikuwa nimeona. Akanieleza mengine ambayo sikuwa nimeyaona: kwamba alitia mafuta bawaba za geti kwa sababu zilinishtua; kwamba alipopika alijiimbia ili nijue ni yeye aliye jikoni; kwamba watu wa kanisa walipoleta vitu, alitamani kuwafungia nje.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia nini? Umesimama mbele ya Mungu na kanisa ukasema utakwenda. Mimi ni nani nikuzuie?" Akatupa shina kwenye ungo. "Nimekuwa nikiomba uvunjike mguu. Mguu tu, kidogo, pale karibu na kwenda. Mungu anisamehe."

Hakuwa akitania. Mikono yake ilikuwa imelowa na alijifuta uso kwa kiwiko. Nilikuwa sijawahi kumwona mamangu akiogopa. Babangu alipofariki, ni yeye aliyewapanga wachimba kaburi.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa mchungaji, chumba kidogo nyuma ya kanisa chenye viti vya plastiki na spika mbovu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, nikasema moja tu: "Naogopa." Akatabasamu, akaanza kunieleza kwamba hofu haitoki kwa Mungu, kwamba adui humjaribu aliye karibu kushinda. Aliongea vizuri. Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia yale niliyokuwa nikiyaruka. Tabasamu likaondoka polepole.

"Lakini mambo yote yamepangwa," akasema. "Watu wamejitolea. Nitawaambia nini?"

"Waambie naogopa."

"Siwezi kusimama madhabahuni nikasema hivyo, dada."

"Basi nitasema mwenyewe."

Nikasema Jumapili iliyofuata. Nilisimulia habari ile ile, na nilipofika kwenye kicheko baadhi wakaanza kuinuka kama walivyozoea. Nikainua mkono. Nikasema alichosema. Nikasema habari ya mkasi. Nikasema kwamba sitakwenda mvua zikikatika, na kwamba sijui nitakwenda lini wala kama nitakwenda. Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto mmoja alilia akatolewa nje. Mwenyekiti wa kamati aliinamisha kichwa, na mchungaji akatangaza wimbo haraka mno, kabla mpiga kinanda hajakaa.

Baada ya ibada wengine walinipita kama hawanijui. Aliyenipa sanduku alifika nyumbani katikati ya wiki akalichukua. Alisema kwa adabu kwamba kuna mtu mwingine anasafiri. Mamangu alimtolea mpaka getini, akalipangusa vumbi mbele yake, akamwambia, "Ahsante kwa kutuazima." Vitenge hakuna aliyevitaka.

Mama mchungaji ndiye aliyekuja kwa njia nyingine. Alikuja na ndizi za kupika, akaketi ukumbini, akatazama mahali palipokuwa na sanduku, na akasema kwamba katika hospitali anakofanya kazi za usafi kuna mshauri anayewaona watu waliopatwa na mambo kama yangu. Alinipeleka mwenyewe, akaningoja benchi la nje. Mshauri yule hakuniambia nisiogope. Aliniuliza nataka mlango uwe wazi au umefungwa. Nikasema wazi, na ulikaa wazi kwa muda mrefu sana. Nilienda kwake mwezi baada ya mwezi, nikajifunza kusimama kando ya barabara kuu pikipiki zikipita, kwanza naye, kisha na bibi aliyelalamika juu ya jua, kisha peke yangu. Hofu haikuondoka. Ilijifunza kukaa mahali pake, kama mpangaji asiyelipa lakini anayejua mipaka ya chumba chake. Siku nyingine hujisahau akaingia ukumbini.

Kule Sudan Kusini alikwenda mkunga mwingine, dada kutoka bara ambaye sijamwona uso kwa uso. Ameniandikia kwa simu mara kadhaa akiuliza vifaa viko wapi na nani wa kuaminiwa kijijini. Mpaka leo hawajarudi wale watu. Lakini kila ujumbe wake ukiingia, nausoma nimesimama.

Mwaka huu kamati ikanitafuta tena. Safari hii hawakuniita mbele ya kanisa. Mwenyekiti alikuja nyumbani, akavua viatu, akanywa chai. Alisema kuna hospitali ya misheni Malawi, karibu na ziwa, inayohitaji mtu wa kuwafundisha wakunga wanafunzi. Aliongeza upesi kwamba nina haki ya kukataa na hakuna atakayejua. Hapo awali nilikuwa sijamwuliza mtu yeyote wa misheni swali hata moja. Sasa niliuliza mpaka chai ikapoa. Usiku nani analinda? Mji ulio karibu uko umbali gani, na barabara hupitika masika? Nikitaka kuondoka, namwambia nani, na ataniondoa kwa usafiri gani? Mwishowe, nikisikia hofu, naruhusiwa kusema? Yale asiyoyajua aliyaandika na kurudi na majibu wiki nyingine. Nilikaa nayo siku kadhaa, nikapoteza hamu ya kula, nikamwambia mshauri, nikamwambia mamangu. Kisha nikakubali, nikiwa nimeketi, pale pale ukumbini, na hakuna aliyeimba.

Nimebakisha kuchanjwa na kumaliza masomo madogo ya ualimu. Nakwenda kwa sababu napenda kazi hii na naamini nimeitwa kuifanya. Naogopa pia. Kuna asubuhi naamka nimeshika godoro kwa mikono miwili na nasema siendi, na ikifika adhuhuri nakwenda.

Kesho ya siku ile niliyokubali, mamangu alinijia amevaa gauni la kanisani.

"Nipeleke nikapate pasipoti."

"Pasipoti ya nini, mama?"

"Ya kuja kukuona. Mara ile nilikaa hapa nikingoja simu ilie. Sikai tena."

Fomu tulijaziwa kwenye saiba, duka la intaneti pale Kisauni, na siku tuliyopangiwa tukavuka daraja kwenda kisiwani, kwenye ofisi ya uhamiaji. Mamangu alishika mkoba kifuani njia nzima. Afisa aliyetuhudumia alikuwa msichana mwenye kilemba cha samawati na upole mwingi.

"Mama, waenda Malawi kufanya nini?"

"Kumtembelea mwanangu."

"Umewahi kupanda ndege?"

"Sijawahi. Naiogopa sana."

Msichana akacheka kidogo. "Kuna basi, mama."

"Basi naliogopa zaidi. Wewe andika tu, mwanangu."

Akaandika. Ilipofika zamu ya alama za vidole, mkono wa mamangu ulitetemeka juu ya kile kioo kidogo, na mashine ikakataa, ikakataa tena. Msichana akampangusa vidole kwa kitambaa, akasema pole. Mashine ikakataa. Basi akainuka kwenye kiti chake, akazunguka meza, akasimama ubavuni mwa mamangu, na kuushika mkono ule kwa mikono yake miwili mpaka alama zikatoka.